Kinoo cha kwanza: kutoka mto Rupingazi hadi milima ya Kyoto

Wasomaji wangu, leo naweka kando msimbo na hifadhidata. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitafuta jiwe. Si la kujengea, ni la kunolea wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, na nilichokuwa nikitaka hasa ni jiwe la asili kutoka Japani. Aliyewahi kuingia katika shughuli hii anajua kwamba swali la kwanza huwa moja tu: ninunue lipi? Na jibu analopewa huwa orodha ya majina: Nakayama, Ozuku, Ohira, rangi hii, muhuri ule. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na nimezoea kwamba ukipewa jina la kitu bila kuelezwa kinafanya kazi gani, hujapewa chochote. Kwa hiyo nikarudi kwenye historia. Na badala ya kuanzia Kyoto nikaanzia huku kwetu, mashariki ya Mlima Kenya, kati ya Embu na Meru. Huku pia watu walinoa nyembe kwa karne nyingi, na hawakuagiza jiwe kutoka popote.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kunoa, na jiwe lake ni kinoo. Majirani zetu Wagikuyu huliita inooro, na hilo ndilo jina la ile redio yao inayosikika katika kila matatu ya kwenda Nairobi (jina zuri kwa redio, kinoo cha akili). Mzizi huo wa kunoa umetawanyika katika lugha za Kibantu, mbali sana na hapa, kiasi kwamba wanaisimu wanauhesabu kuwa wa kale. Yaani tulikuwa na neno la kunoa kabla hatujagawanyika kuwa Waembu, Wameru, Wagikuyu au Waswahili.

Chuma cha kunolewa kilitoka mchangani. Mvua kubwa zikinyesha, vijito vya miteremko ya mlima hushusha mchanga mweusi mzito wenye madini ya chuma. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliieleza kazi hiyo miongoni mwa Wagikuyu katika kitabu walichochapisha mwaka 1910: mchanga unaoshwa hadi kile chepesi kiende na maji, kinachobaki kinachomwa kwa makaa katika tanuri la udongo, mivukuto ikipulizwa bila kupumzika. Kinachotoka ni donge lenye chuma na uchafu, na mhunzi hulipasha moto na kulipiga tena na tena mpaka litulie. Pande zote za mlima wahunzi walikuwa watu wa kuheshimiwa na kuogopwa pia. Laana ya mhunzi haikuwa kitu cha kuchezea.

Kutoka chuma hicho yalipatikana mapanga, mikuki, visu, na wembe. Wembe huo haukuwa wa kukunja. Ulikuwa kipande kidogo bapa cha chuma chenye makali, na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ukubwa wake, kwa maana nywele zilinyolewa kwa sababu: mtoto akizaliwa, mtu akifiwa, kijana akivuka kutoka rika moja kwenda jingine. Jambo la kukumbuka ni hili: chuma cha tanuri la udongo kina kaboni kidogo, tena haikusambaa sawasawa. Ni laini. Hupata makali upesi na kuyapoteza upesi. Wembe wa namna hiyo unataka kinoo kila mara, na jiwe la kuunoa lazima liwe karibu.

Basi lilikuwa jiwe gani? Niliamua kujaribu mwenyewe. Nilichukua mawe matatu: moja jeusi kutoka Rupingazi, mto unaopita kando ya mji wa Embu, jingine kutoka mto Kathita kule Meru, na la tatu, lenye kumetameta, kutoka Mbeere, kwenye tambarare za joto. Niliyasawazisha kwa msasa juu ya kioo (jioni mbili zimeisha hapo, na mikono ikawa kama ya fundi wa jua kali), kisha nikanoa vitu viwili juu ya kila jiwe: kisu cha chuma laini, na wembe wa chuma cha pua.

Kwa kisu, mawe yote yalifanya kazi. La Rupingazi lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea. Kisu kilikata karatasi bila kurarua. Kwa wembe ilikuwa habari nyingine. Nilipoutazama kwa kioo cha kukuzia, makali yalikuwa na mapengo madogo kama meno ya msumeno, na mapengo hayo yalitokea hata pale nilipoutembeza wembe bila kuukandamiza kabisa.

Sababu imo ndani ya mawe yenyewe. Mlima Kenya ni volkeno iliyolala zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mawe yake ni basalti, fonolaiti, na lile linaloitwa kenaiti, ambalo mwanajiolojia J. W. Gregory alilipa jina la mlima wenyewe. Mengi ya mawe hayo yana sehemu laini sana, na ndani yake zimepandwa fuwele kubwa zilizoanza kuganda kabla ya lava kutoka nje. Ile sehemu laini inanoa vizuri. Fuwele inavunja. Kwa kisu cha chuma laini fuwele si tatizo: chuma kinapinda kidogo, kisha kinanyooshwa. Kwa chuma cha pua kilichokaushwa hadi kuwa kigumu kama kioo, fuwele moja inatosha. Huko Mbeere na Tharaka miamba ni ya aina nyingine kabisa, naisi na shisti za kale zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na chembe zake za kwazi zinaonekana hata kwa macho. Nzuri kwa panga, mbaya kwa ndevu.

Kwa hiyo wazee hawakuwa na mawe duni. Walikuwa na mawe yaliyolingana na chuma chao. Hilo ndilo la kwanza nililoandika kwenye daftari: jiwe halina sifa likiwa peke yake. Muulize muuzaji anayekusifia jiwe, "la chuma gani?" Akikosa jibu, ondoka.

Sasa twende Japani, maana hapo ndipo utaona kwa nini mawe yao yanagombaniwa. Milima iliyo kaskazini na magharibi ya Kyoto ilikuwa chini ya bahari. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, mbali na nchi kavu, mifupa ya viumbe wadogo wa baharini waitwao radiolaria ilikuwa ikizama polepole pamoja na vumbi laini lililopeperushwa na upepo. Mifupa hiyo ni ya silika. Hakukuwa na mto wa kuleta mchanga, kwa hiyo hakukuwa na chembe kubwa. Matope yale yalikandamizwa, yakasukumwa na mwendo wa sakafu ya bahari hadi yakawa sehemu ya nchi kavu, yakawa jiwe. Chembe zake ni za maikroni chache tu. Linganisha na lava yetu yenye fuwele na utaelewa mara moja.

(Kenya nayo ina silika ya viumbe wadogo. Nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, uone ule udongo mweupe wa diatomaiti ambao umechimbwa kwa miaka mingi. Ni mabaki ya viumbe wa ziwani waitwao diatomu. Malighafi tunayo, tulichokosa ni miaka milioni mia mbili ya kukandamizwa. Udongo ule unafaa kuchujia vinywaji na kusugulia vyuma ving'ae, lakini ukijaribu kunolea wembe juu yake utabaki na chaki.)

Wachimbaji wa Kyoto waligawa mwamba huo kwa tabaka na kuyapa majina: tomae, suita lenye vitobo vidogo, na mengine. Masimulizi ya huko yanasema kwamba karibu mwaka 1190 mtawala Minamoto no Yoritomo alimpa mtu aitwaye Honma Tozaemon haki ya kuchimba na kusimamia mawe ya kunolea. Kwa karne nyingi mawe hayo yalikuwa ya panga za samurai, visu vya jikoni, patasi na randa za maseremala. Nyembe zilikuwapo pia, kwa maana watawa wa Kibudha wananyoa vichwa. Wembe wao, kamisori, haulingani pande mbili na hutengenezwa kwa kuunganisha chuma laini na chuma kigumu kwenye moto. Mwaka 1871 serikali mpya ya Meiji ikawaruhusu wanaume wa tabaka la samurai kukata kile kishungi cha nywele, na mwaka 1876 ikapiga marufuku kubeba panga hadharani. Wahunzi wa panga wakahitaji kazi nyingine. Wengi wakageukia visu, vifaa vya useremala na nyembe.

Hapo ndipo jiwe gumu na laini kuliko yote lilipopata kazi yake hasa. Baadaye mtaalamu wa metali, Iwasaki Kosuke wa mji wa Sanjo, alieleza kwa mpango namna ya kunoa wembe juu ya jiwe moja gumu la Kyoto kwa kutumia vijiwe vidogo vinavyoitwa nagura, kutoka eneo la Mikawa. Unasugua kijiwe juu ya jiwe lenye maji, linatokea tope, na tope hilo ndilo linalokata. Unaanza na botan, halafu tenjo, mejiro, koma, na mwisho tope la jiwe lenyewe. Ni kama kompyuta moja unayoibadilishia programu: maunzi ni yale yale, kazi ni tofauti. Na kama walivyosema wahenga kuhusu kunyolewa kwa mwenzako, wewe tia maji; bila maji mfumo huu wote haufanyi kazi.

Baada ya hapo likaja jambo lililoyafikia mawe ya Kyoto na mawe ya Rupingazi kwa pamoja, ingawa wenye mawe hawakuwahi kujuana. King C. Gillette wa Marekani alianza kuuza mashine yake ya kunyolea mwaka 1903. Mwaka huo aliuza mashine 51 na viwembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, serikali ya Marekani iliwaagizia wanajeshi wake mashine milioni 3.5. Watu husifu bei na usalama, lakini uvumbuzi wenyewe ulikuwa kiwembe kisichonolewa. Unakitumia, unakitupa. Kinoo, mkanda wa ngozi, na mtu anayejua kuvitumia, vyote vimeondolewa kwenye mnyororo.

Kyoto iliendelea kwa muda kwa sababu maseremala na wapishi bado walinoa. Lakini mawe ya kutengenezwa kiwandani yalikuwa rahisi na ya uhakika, na migodi ikaanza kufungwa. Ule maarufu wa Nakayama ulifungwa katika miaka ya 1960. Ndiyo maana jiwe linalouzwa leo kwa jina hilo ni akiba ya zamani, au si la huko kabisa.

Na huku kwetu? Viwembe viliingia kupitia maduka madogo ya vituo vya biashara, kwenye rafu moja na chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Ni kitu kidogo sana hata ni vigumu kukiona katika historia. Isipokuwa mara moja, Meru, mwaka 1956, kilipoonekana waziwazi.

Mwezi Aprili mwaka huo baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya ya Meru. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, na utawala wa kikoloni ulikuwa nyuma ya uamuzi huo. Mabaraza ya wenyeji ya Embu na Meru yalikuwa tayari yamejaribu kuweka mipaka kabla ya hapo, lakini hii ilikuwa marufuku kamili. Walioupinga uamuzi huo kwa nguvu walikuwa wasichana wenyewe. Walikwenda madukani, wakanunua viwembe, wakaingia porini na kukatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeandika habari hii kwa kina, anaeleza kwamba katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kukaidi amri hiyo.

Sitaki habari hii isomwe kama hadithi ya ushujaa tu. Kilichokatwa ni miili ya wasichana, baadhi yao wadogo sana, na leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza kabisa, na ni vizuri. Ninachotaka kuonyesha ni kile kifaa. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na mwanamke mzee mwenye ujuzi, kwa kisu maalum cha chuma alichopewa na mhunzi na kukinoa mwenyewe. Msichana hakuweza kufika kwenye makali bila kupitia kwa mama yake, bibi yake, mkeketaji, na nyuma yao mhunzi. Kinoo kilikuwa sehemu ya ulinzi wa mlango. Kiwembe cha dukani kiliuondoa mlango. Kwa senti chache, mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa na makali yanayozidi ya mhunzi yeyote wa Meru, na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Wazee waliotunga marufuku waliifikiria jamii ambamo makali yana mwenyewe. Jamii hiyo ilikuwa imekwisha, na hawakuwa wameambiwa.

Yaliyofuata ni mafupi. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na miaka iliyofuata kila mtu akafundishwa kutochangia wembe. Kwa vijana wanaotahiriwa ikawa kila mmoja na wembe wake. Kisu kimoja kinachonolewa na kutumiwa kwa rika zima kikawa hatari, na hapo hoja ya kinoo ikafungwa, kwa haki kabisa. Kinyozi wa leo Embu ana mashine ya umeme na chupa ya spiriti, na akiwa na wembe wa mpini ni ule wa kubadilishwa kiwembe. Anayenoa mjini ni yule bwana wa gurudumu la kukanyaga kwa miguu, naye kazi yake ni visu vya bucha na mikasi ya washonaji.

Sasa nirudi kwenye ununuzi, kwa sababu historia hii ilinibadilishia orodha yote.

Kwanza, niliacha kutafuta muhuri. Mihuri ya migodi iliyofungwa inagongwa hata leo, na wino ni bei rahisi kuliko jiwe. Pili, niliacha kutafuta jiwe kubwa. Seremala anahitaji jiwe pana kwa ajili ya randa. Wembe ni mwembamba na mwepesi. Wajapani wana neno koppa kwa vipande visivyo na umbo kamili vinavyobaki baada ya kukata mawe makubwa. Mwamba ni ule ule, bei ni sehemu ndogo tu. Jiwe kamili lenye jina linaweza kufika maelfu ya dola, na hapo bado hujalipa usafiri na ushuru.

Tatu, ugumu. Wapishi wengi hupenda jiwe laini kidogo linalotoa tope haraka. Kwa wembe nataka gumu. Weka tone la maji juu yake: likinywewa upesi, hilo si la wembe. Nne, na hili nililijifunza kwa fuwele za Rupingazi, jiwe lisiwe na mishipa inayokwaruza. Mstari wa rangi si kosa kama hauguswi na ukucha. Pitisha kwanza kisu usichokijali na usikilize. Jiwe safi halipigi kelele. Lenye chembe ngumu utalisikia likikwaruza mahali pamoja kila unapopita. Rangi, iwe ya kijivu au ya manjano, sikuipa uzito wowote. Huo ni urembo, na mwenye pesa ya urembo sina ugomvi naye.

Na kabla ya hilo jiwe, mawe ya kiwandani yanatosha kwa kazi yote ya mwanzo: namba 1000 ya kuweka makali, 4000 au 5000, kisha 8000. Jiwe la Kyoto ni la mwisho tu. Anayenunua jiwe la mwisho kabla ya la kwanza atalisema vibaya bure.

Niliagiza koppa moja lisilo na jina, zito, gumu, kubwa kidogo kuliko simu yangu, pamoja na kijiwe kimoja cha mejiro. Limekwisha fika. Kwa wiki tatu nimenoa wembe ule ule, asubuhi moja nikimalizia kwa namba 8000 na asubuhi inayofuata kwa koppa, nikiandika kila mara kabla sijasahau. Tofauti ipo: makali ya koppa ni matulivu zaidi shingoni, na hayachomi baada ya maji. Bado sijui nitasema nini baada ya miezi sita. Lile jeusi la Rupingazi nimelipa kazi jikoni, na panga la shambani nalo linapita hapo hapo.